SWALI LA MAANDISHI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi hulipita kama mtu apitavyo kisiki kando ya njia, nalo ni swali la maandishi ambalo Mbunge huipelekea Serikali. Tunajua kwamba mkihesabu kazi za Mbunge mtataja kwanza hotuba. Mbunge asimame, apaze sauti, apige meza, na kesho yake watu wamsifu sokoni, "Jana yule kawapa!" Hatuichukii hotuba, maana sisi wenyewe tumesimama hapa kwa hotuba. Lakini Waziri aliyepigiwa kelele nusu saa hutoka barazani akaenda kula chakula chake, na hakuna kitu alichopoteza. Waziri aliyeletewa karatasi yenye mistari mitatu, akaulizwa ni watu wangapi, lini, kwa sheria gani na kwa fedha kiasi gani, huyo hawezi kuondoka hivi hivi. Itampasa aandike jibu, jibu lipigwe chapa, na jina la Wizara yake liwe juu ya jibu hilo maisha.

Tueleze kwanza desturi yenyewe, kwa maana hatutaki mtu arudi nyumbani akisema alisikia maneno ya mawakili. Katika mabunge yaliyorithi taratibu za Uingereza, na la kwetu ni mojawapo, maswali ni ya namna mbili. Liko linalojibiwa kwa mdomo, na liko linalojibiwa kwa maandishi. La mdomo lina raha yake. Wabunge wapo, waandishi wa magazeti wapo, na Waziri akijikanyaga muulizaji ana haki ya kumrudia kwa swali la nyongeza papo hapo. Lakini lina saa yake. Spika huitazama saa, na Waziri naye huitazama, na aliye hodari wa kusema hupitisha dakika zake kwa mzaha na shukrani na pongezi mpaka zamu yake iishe. Swali la maandishi halina saa, wala hakuna wa kuchekeshwa. Hupelekwa kwa Katibu wa Bunge, naye hulipeleka Wizarani. Makarani hufungua majalada, wakubwa wao hulisoma jibu na kulirekebisha, kisha Waziri hulipitisha, na mwisho wake huingizwa katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Jibu la mdomo huwezi kutia ndani yake hesabu za wilaya sitini. La maandishi laweza kuchukua hesabu za wilaya zote, mwaka kwa mwaka, na mtu akazisoma kwa taa usiku nyumbani kwake.

Kuuliza huku ni kwa zamani. Swali la kwanza linalokumbukwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Malodi, juu ya mshika fedha wa Kampuni ya South Sea aliyetoroka nchi baada ya kashfa kubwa ya fedha. Lakini swali la maandishi kama tulijuavyo ni la mwaka 1902. Maswali ya mdomo yalikuwa yamezidi, Serikali ikaona yanaila saa yake, basi Baraza la Makabwela likaweka utaratibu: swali lililotiwa alama ya nyota lijibiwe kwa mdomo, lisilo na nyota lijibiwe kwa maandishi. Shabaha ilikuwa kuokoa wakati wa Serikali. Twaona ajabu kidogo kwamba kitu kilichotengenezwa ili Serikali ipumue kimekuja kuwa kamba ya kuifungia.

Hapa kwetu Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza kukutana mwaka 1926, na Mwafrika hakuingia humo hadi mwaka 1945. Kwa miaka kumi na tisa basi, ikiwa lilikuwapo swali juu ya kodi ya Mwafrika au ardhi ya Mwafrika, liliulizwa na mtu asiye Mwafrika. Hilo tuliweke akilini, kwa maana mfano mkubwa tutakaoutoa leo unahusu vilevile watu wasiokuwa na wa kuwaulizia. Hatuutoi London wala Dar es Salaam. Twautoa Cape Town, katika Bunge la makaburu wakati wa ubaguzi, kwa sababu nguvu ya jembe hujulikana kwenye ardhi ngumu.

Mwaka 1961 Afrika ya Kusini ilifanya uchaguzi. Waafrika hawakuwa na kura. Hata wale Wazungu wachache waliokuwa wakichaguliwa kuwasemea Waafrika Bungeni walikuwa wamefutwa mwaka 1960. Chama kimoja kidogo cha Wazungu waliopinga ubaguzi, Progressive Party, kilipoteza viti vyake vyote isipokuwa kimoja, kiti cha Houghton katika mji wa Johannesburg, ambacho mwanamke mmoja, Helen Suzman, alikipata kwa kura 564 tu zaidi ya mshindani wake. Alikuwa Mbunge tangu 1953, akaendelea mpaka 1989, miaka 36. Lakini tangu 1961 hadi 1974, miaka kumi na mitatu, alikuwa peke yake wa chama chake katika baraza la watu zaidi ya 150, karibu wote wanaume.

Tusimfanye malaika. Alichaguliwa na Wazungu wenye mali katika mtaa wa matajiri. Chama chake kwa miaka mingi kilitaka kura itolewe kwa kipimo cha elimu na mali, wala si mtu mmoja kura moja. Na vikwazo vya uchumi dhidi ya makaburu, ambavyo wapigania uhuru waliviomba dunia nzima, yeye alivipinga. Katika mambo hayo hatukubaliani naye hata kidogo. Tunamtaja kwa ajili ya kazi moja tu, nayo ni namna alivyouliza.

Mbunge mmoja atafanya nini mbele ya zaidi ya 150? Kura yake ni moja. Mwaka 1963 Serikali ilileta sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka na bila kumwona wakili, na siku 90 zikiisha aliweza kukamatwa tena pale pale mlangoni kabla hajafika barabarani. Hata United Party, chama kikubwa cha upinzani, kiliiunga mkono. Wakati wa kuhesabu kura, aliyepinga alikuwa Helen Suzman peke yake. Sheria ikapita kana kwamba hayupo. Mwingine angesema, "Nimefanya lililo langu, Mungu ananiona," akaenda zake nyumbani. Yeye alichukua karatasi akaanza kuuliza. Wako kizuizini wangapi? Wanaume wangapi, wanawake wangapi? Wangapi wamefunguliwa bila kushtakiwa? Wangapi wamekamatwa mara ya pili?

Na Serikali, ndugu zangu, ilijibu. Hapa wengi huuliza, kwa nini ijibu? Serikali ile ilikuwa na askari, magereza na kamba ya kunyongea, ilimwogopea nini mwanamke mmoja mwenye karatasi? Jibu ni kwamba watawala wale walitaka waitwe Bunge. Walitaka Uingereza na Marekani zione kwamba wana Spika, wana kanuni, wana Hansard. Mtu anayetaka kuitwa muungwana hana budi kuvaa nguo za muungwana, hata zikimbana. Waliofungiwa chini ya sheria ile tangu Mei 1963 hadi Januari 1965 ilipoachwa kutumiwa walikuwa zaidi ya 1,000, na karibu nusu yao hawakushtakiwa kwa lolote. Kabla ya hapo, mama wa Soweto angesema mwanawe amechukuliwa usiku, na Serikali ingesema ni uongo wa wakomunisti. Hesabu ilipotoka katika kinywa cha Waziri mwenyewe, nani atasema ni ya wakomunisti?

Akauliza mengi, na aliyauliza tena mwaka uliofuata. Waliochapwa viboko kwa amri ya mahakama. Walionyongwa. Waliopigwa marufuku wasikutane na watu wala maneno yao yasichapwe gazetini. Waliokamatwa kwa ajili ya vipande, ambavyo ndugu zetu wa Kenya walivijua vizuri shingoni mwao. Kule Kusini mwishoni mwa miaka ya 1960 kesi za vipande zilipita laki sita kwa mwaka mmoja. Mtaalamu mmoja alikuja kujumlisha hesabu za Serikali yenyewe, za polisi na za majibu ya Bungeni, akapata zaidi ya watu milioni 17 waliokamatwa au kushtakiwa kati ya 1916 na 1981, ingawa mtu mmoja aliweza kuhesabiwa mara kadhaa. Sheria zile za vipande zilifutwa mwaka 1986. Hatusemi zilifutwa na karatasi ya Mbunge. Zilifutwa kwa sababu watu walizikataa kwa miguu yao, na makaburu wakashindwa kuzitekeleza. Lakini aliyetaka kujua uzito wa mzigo ule alikuwa na mahali pa kutazama, na hesabu ilikuwa ya aliyeubebesha.

Siku moja Waziri alimkaripia kwamba maswali yake yanaifedhehesha Afrika ya Kusini mbele ya mataifa. Akamjibu kwamba maswali yake si kitu, kinachofedhehesha ni majibu yao. Maneno hayo yamekuwa maarufu, na wengi huyatumia kama mzaha. Sisi twayaona kuwa ni maelezo kamili ya kazi yenyewe. Swali zuri la maandishi halina tusi, halina tuhuma, halina neno la kumwudhi Waziri. Ubaya wote, kama upo, uko katika jibu.

Iko faida nyingine ambayo msomaji wa gazeti ataielewa upesi. Sheria ya Magereza ya mwaka 1959 ilimtisha mhariri yeyote aliyeandika habari za magereza, maana ilimpasa athibitishe kwamba alihakikisha kila neno. Mwaka 1965 gazeti la Rand Daily Mail lilichapa habari za mateso magerezani, likaburutwa mahakamani. Lakini yaliyosemwa Bungeni na Waziri yalichapwa bila woga, kwa kuwa hakuna hakimu atakayemshtaki mhariri kwa kunakili Hansard. Hivyo neno lililokatazwa mlangoni liliingia kwa dirisha la Bunge. Vitabu na ripoti za kila mwaka zilizotolewa na Taasisi ya Mahusiano ya Rangi ya Johannesburg zilijazwa majibu hayo, na wapinzani wa ubaguzi London na New York wakayasoma na kuyarudia, wala balozi wa makaburu hakuwa na la kukanusha.

Sasa, maswali yale aliyatoa wapi? Hapa ndipo twataka mtege masikio, kwa maana hapa ndipo mnapohusika ninyi. Mwanamke wa Houghton hakuishi Alexandra, hakulala jela, hakubeba kipande. Aliandikiwa barua. Wafungwa walimwandikia, wake za wafungwa walimwandikia, watu waliohamishwa kwa nguvu walimwandikia, na wote hao hawakuwa na kura hata moja ya kumpa. Akina mama wa Black Sash, waliofungua ofisi za kuwasaidia watu wenye shida za vipande, walimpa habari walizozikusanya mezani kwao. Mwaka 1967 alikwenda mwenyewe kisiwa cha Robben, akaonana na Nelson Mandela na wenzake, akaambiwa habari za askari mmoja wa gereza aliyechorwa alama ya Wanazi mkononi. Alipoifuatilia, askari yule aliondolewa. Twaona basi kwamba Mbunge alikuwa kalamu, na wino ulitoka kwa watu.

Tupitie kidogo jibu moja ambalo lapaswa kusomwa pole pole. Makaburu waliwaandika watu wote kwa rangi, na mtu aliweza kuomba abadilishiwe. Bungeni ilitolewa hesabu ya mwaka 1985. Machotara 702 waligeuka Wazungu. Wazungu 19 waligeuka Machotara. Mhindi mmoja aligeuka Mzungu. Wahindi 50 waligeuka Machotara, na Machotara 43 wakageuka Wahindi. Hakuna Mwafrika aliyegeuka Mzungu, wala Mzungu aliyegeuka Mwafrika. Haya hayakuandikwa na mpinzani wala na mtunzi wa vichekesho. Yaliandikwa na karani wa Serikali, kwa mhuri, kwa uso mkavu. Hotuba ya saa tatu dhidi ya ubaguzi wa rangi isingewavua nguo kama safu ile ya tarakimu.

Lakini tungekuwa tunawadanganya tukiwaambia kwamba swali hupata jibu kila mara. Serikali nazo hujifunza. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliandika waziwazi kwamba hakuna mtu nje ya Serikali mwenye haki ya kupewa habari za aliyewekwa kizuizini chini yake. Tangu hapo Mbunge akiuliza wako wangapi, jibu ni moja: si kwa manufaa ya umma kusema. Tarehe 28 Mei 1969 polisi wa Cape Town walimkamata Imamu Abdullah Haron. Akakaa mikononi mwao siku 123, na tarehe 27 Septemba akafa. Polisi wakasema alianguka kwenye ngazi, ingawa mwili wake ulikuwa na majeraha mengi na ubavu uliovunjika. Suzman aliifikisha habari hiyo Bungeni, lakini mbele ya ukuta ule hakupata ukweli. Hakimu wa uchunguzi wa kwanza aliipokea hadithi ya ngazi. Oktoba 2023 tu, baada ya miaka 54, Mahakama Kuu ya Western Cape ilitamka kwamba Imamu aliuawa kwa mateso. Mjane wake alikuwa amekwisha kufariki.

Na kama ukuta wa kukataa hautoshi, liko pazia la kudanganya. Kwa hilo twende London, ambako desturi hii ilizaliwa, na ambako mambo ya Afrika Mashariki yaliulizwa zamani kabla sisi hatujawa na Bunge letu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola huko Kenya, watu 11 waliokuwa kizuizini walikufa. Tangazo la kwanza la Serikali ya Kenya lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Wabunge wa Labour, Barbara Castle miongoni mwao, hawakukubali kunyweshwa maji hayo. Waliuliza na kuuliza tena. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wale watu walikufa kwa kipigo. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 hata Enoch Powell, Mbunge wa chama cha Serikali na mtu ambaye baadaye alijulikana kwa maneno mabaya juu ya watu weusi, alisimama katika Baraza la Makabwela akaishutumu Serikali yake.

Baadaye ikaja vita ya Falklands. Tarehe 2 Mei 1982 manowari ya Waingereza iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, wakafa watu 323. Serikali ilisema meli ile ilikuwa ikizikaribia meli za Waingereza. Mbunge mmoja wa Labour, Tam Dalyell, akashika swali hilo miaka miwili: ilikuwa ikielekea wapi? Kumbe ilikuwa ikielekea nyumbani. Mtumishi wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa majibu, alipoona mabwana wake hawataki kulijibu Bunge kwa ukweli, alimpelekea Dalyell hati. Wakamshtaki kwa kutoa siri za Serikali. Februari 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Zingatieni kwamba aliyelifungua jambo alikuwa karani aliyechoka kuandika majibu ya uongo. Swali la maandishi humfikia mtu wa namna hiyo mezani pake, katika ofisi ambayo hotuba haifiki.

Tena Februari 1996 Jaji Scott alitoa ripoti juu ya silaha na mitambo iliyouzwa Irak. Alikuta kwamba Wabunge waliouliza kama masharti ya kuuza yamelegezwa walijibiwa majibu yasiyo sahihi na ya kupotosha. Kwa ajili ya aibu ile, Machi 1997 Baraza la Makabwela lilipitisha azimio kwamba Mawaziri sharti wasema kweli Bungeni, na anayelipotosha Bunge kwa kujua atarajiwe kujiuzulu. Lakini milango midogo ya kutorokea haikuzibwa. Waziri wa Uingereza aweza kusema habari hizo hazikusanywi mahali pamoja, au kwamba kuzitafuta kutagharimu mno. Kipimo kilichotumika miaka ya karibuni ni pauni 850. Kazi ikizidi hapo, jibu lakataliwa. Wajanja wao hulikata swali moja vipande vinne, kila kimoja kiwe cha bei nafuu. Huo ni ujanja wa kuigwa.

Turudi nyumbani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 yalinda uhuru wa mawazo na majadiliano humo Bungeni, ili Mbunge asiburutwe mahakamani kwa neno alilolisema ndani. Kwa hiyo silaha ipo na ala yake ipo. Kinachotuumiza ni namna inavyoshikwa.

Sikilizeni maswali mengi yanayoulizwa. "Je, Serikali ina mpango gani wa kuipatia zahanati yetu dawa?" Swali kama hili ni zawadi kwa Waziri. Atajibu kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo, kwamba inawajali sana wananchi wake, na kwamba dawa zitapelekwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Hapo hakuna uongo, na hakuna kitu. Mwaka ujao swali litarudi na jibu litarudi, kama wimbo wa kutwangia.

Tuchukue zahanati hiyo hiyo, kwa mfano wa kubuni, tuulize kwa namna ya Cape Town. "Je, katika mwaka wa fedha uliopita dawa za thamani gani zilipelekwa katika kila zahanati ya Wilaya hii, kwa tarehe zipi, na kwa hati za kupokelea zenye nambari zipi?" Sasa Waziri hana mahali pa kuweka neno "kadiri". Akisema hesabu hazipo, amekiri kwamba anatumia fedha za umma bila hesabu. Akijibu, na jibu likisema zahanati yetu ilipelekewa dawa mara nne, nasi tulioketi hapa tunajua kwamba gari la dawa lilifika mara moja tu, basi ama karani aliidanganya Wizara, ama Wizara imelidanganya Bunge, ama dawa ziliuzwa njiani. Kila moja katika hayo matatu ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Mama aliyemzika mtoto kwa homa mwezi ambao vitabu vinasema dawa zilikuwapo, ana haki ya kulijua jina hilo.

Mwaka unaofuata swali liulizwe tena, kwa maneno yale yale bila kubadili hata moja, ili hesabu ya mwaka huu iweze kulala kando ya hesabu ya mwaka jana. Mbunge anayebadili swali kila mwaka ili aonekane ana mapya, anaitupa kazi yake mwenyewe.

Wengine watasema Mbunge wetu ni wa chama chenye Serikali, atawezaje kuwabana wenzake? Twajibu kwamba swali la tarakimu si uasi. Waziri mwema hulifurahia, kwa sababu humwonyesha yanayofanywa na walio chini yake, ambayo hata yeye hafichuliwi. Na Waziri anayechukia kuulizwa dawa zimefika lini, huyo ametuambia jambo hata kabla hajajibu.

Kwa upande wetu kazi ni ndogo lakini ni ya kila siku. Mbunge hawezi kuuliza asilolijua, na akiletewa "watu wanasema" atauliza kwa "watu wanasema". Tumpelekee tarehe. Tumpelekee mahali, jina la ofisi, nambari ya risiti kama ipo, idadi ya mifuko ya saruji iliyoshushwa na ya mabati yaliyopigwa juu ya paa la shule. Mzee aliyehesabu mabati hayo akiwa ameketi chini ya mwembe, bila kutumwa na mtu, amefanya nusu ya kazi ya Bunge. Aliye na hofu asitie jina lake. Swali la Bungeni halihitaji jina la aliyelileta, lahitaji jambo liwe kweli. Tena majibu yakitoka tusiyaache Dodoma. Hansard za Bunge letu huandikwa kwa Kiswahili, lugha ya mama zetu, wala hatuhitaji mkalimani. Jibu linalohusu wilaya hii linakiliwe, lisomwe hapa kwenye mkutano, na walio karibu na zahanati, na kisima, na barabara inayotajwa, waseme mbele ya wote kama ndivyo au sivyo.

Katibu amefungua daftari jipya mezani pale. Limepigwa mistari mitatu: tarehe, mahali, idadi. Tunaanza na dawa za miezi mitatu iliyopita, na walio na habari wapange mstari upande wa mlango, akina mama kwanza.